Viti Visemavyo

Kiti cha nyumbani kazi yake ni moja, kumpumzisha mtu. Walakini kiti cha mchezo wa kuigiza kina kazi mbili: champa mchezaji mahali pa kuketi, tena chawaambia watazamaji habari pasipo maneno.

Fundi wa vyombo vya mchezo hukisoma kitabu cha mchezo kwanza, kabla ya kushika msumeno au randa. Hujiuliza: Ni nani atakayeketi hapa? Ni tajiri au maskini? Ana amani moyoni au ana hofu? Akitakiwa kumfanyia mfalme kiti, hurefusha egemeo lake lipite kichwa cha mfalme, ili hata mtu aliyeketi nyuma kabisa ajue kwamba huyu ni mkuu. Lakini ikiwa mfalme ni mwoga asiyeuweza ufalme wake, fundi hukizidisha kiti upana na kimo, hata miguu ya mfalme isifike chini. Hapo watu hutambua udhaifu wake kabla hajafumbua kinywa.

Tena si lazima chombo kiwe cha fahari ndipo kiseme. Mwaka 1938 mchezo uitwao Our Town, yaani Mji Wetu, ulionyeshwa mara ya kwanza katika Marekani. Mtungaji wake alikuwa Thornton Wilder. Watazamaji walipoingia waliliona jukwaa tupu, halina pazia wala picha za nyumba. Akaja mtu mmoja, akaweka meza mbili na viti vya kawaida. Meza moja ikawa nyumba ya daktari, ya pili ikawa nyumba ya mwenye gazeti. Ngazi mbili zikawa madirisha ya ghorofani, ambapo kijana George na msichana Emily waliongea usiku juu ya masomo yao.

Katika sehemu ya tatu ya mchezo, viti vimepangwa safu safu, vimewaelekea watazamaji. Ni viti vya kawaida tu, lakini sasa ni makaburi. Waliokufa wameketi juu yake, wametulia kimya. Kiti kimoja ni kitupu. Emily, aliyekuwa ameolewa na George, amefariki katika uzazi, angali kijana. Anatoka kati ya waombolezaji, anakwenda polepole, anaketi karibu na mama mkwe wake.

Hakuna jiwe la kaburi wala udongo uliochimbwa, lakini kila mtazamaji huelewa. Maana katika nyumba nyingi kuna kiti ambacho mwenyewe amekwisha kuondoka, na kila akionaye humkumbuka.

Basi, fundi mwenye akili hatafuti kwanza mbao za thamani. Hutafuta kwanza kujua kiti chake kitasema nini.