Mzimu unapoulizwa maswali

Riwaya za kutisha za Kiswahili za miaka ya 1960 na 1970, vile vitabu vyembamba ambavyo karatasi zake zimekwisha kugeuka rangi ya chai, huwafunza wasomaji kuuliza maswali pale woga unapowataka wanyamaze. Chukua Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyoshinda shindano la uandishi la 1957/58 na kuchapishwa 1960. Maiti inakutwa mzimuni, mahali watu wanapopaheshimu na kupaogopa. Aliyelelewa kuwaogopa wahenga ana jibu tayari: mizimu imekasirika. Ndipo anapoingia mpelelezi Bwana Msa, kiko mdomoni, akiuliza nani alikuwa wapi na nani anafaidika. Hofu haiondoki, inahama kutoka kwa wafu kwenda kwa walio hai, na huko inatisha zaidi. Kabla ya kushika uhariri, Abdulla alikuwa mkaguzi wa afya, kazi ya kufika penye uvundo na kutafuta chanzo chake. Mwandishi Conan Doyle naye alimtumia mbwa wa kutisha wa Baskerville kwa namna hiyo mwaka 1902, ila mbwa yule kwetu ni mgeni. Mzimu ni jirani.

Huko Kansay, kwenye nyanda za juu za Karatu, Tanzania, ujirani huo unaeleweka. Wairaqw wa huko wana simulizi zao kuhusu pepo wa chemchemi na vijito, kwa lugha yao wenyewe. Basi kitabu cha Abdulla, kutoka Unguja, cha nini? Simulizi ya nyumbani humwonya mtoto asiyakaribie maji ovyo. Riwaya humshika mkono hadi ukingoni, ikamwacha atazame. Anawahitaji walezi wote wawili.

Pingamizi zito ni jingine. Katika nchi ambako vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa kuni wa miaka mingi, kuuza hadithi za uchawi si kuchochea moto? Hoja hii haifai kupuuzwa, maana vipo vitabu visivyo na kitu ila damu. Lakini soma Mirathi ya Hatari ya C. G. Mung'ong'o, ya mwaka 1977. Kijana Gusto anarithishwa uchawi na baba yake anayekata roho, kama mwingine anavyoachiwa shamba. Mwandishi hasemi uchawi haupo, na hapo mwenye pingamizi ana haki ya kukunja uso. Hata hivyo msomaji anaingizwa ndani ya mrithi, anaubeba mzigo pamoja naye, anaona jinsi ulivyomfika bila kuutafuta. Aliyekwisha kukaa ndani ya mtu kwa kurasa zote hizo hawezi kumpigia kelele za mchawi kwa wepesi ule ule.

Ndiyo maana riwaya hizi zingefaa kusomwa kwa sauti, usiku wa baridi kama ule wa Kansay, vijana na wazee pamoja. Baada ya maiti kuonekana mzimuni kitabu kifungwe, kila mmoja amtaje anayemshuku, na aseme kwa nini.