Maombi ya Uzamili wa Menejimenti Ulaya kwa Mhitimu wa Bujumbura

Shahada ya uzamili ya menejimenti katika vyuo vya Ulaya imekusudiwa vijana waliomaliza shahada ya kwanza karibuni, wenye uzoefu mdogo wa kazi au wasio nao kabisa. Hapo ndipo inapotofautiana na MBA, ambayo kwa kawaida humtaka mwombaji awe amekaa kazini miaka kadhaa. Mhitimu wa uchumi au menejimenti wa Chuo Kikuu cha Burundi anayeishi Mutanga Nord, si mbali na Kampasi ya Mutanga, anaingia katika kundi hilo bila shida. Shida yake ni nyingine: faili lake litasomwa na mtu asiyejua chuo hicho hutoaje alama, mhadhiri aliyemwandikia barua ni nani, wala biashara aliyoifanyia kazi ina ukubwa gani. Maombi mengi huangukia hapo, hata pale ambapo mwombaji mwenyewe ni hodari.

Urefu wa masomo si kikwazo tena. Tangu Burundi ilipoingia katika mfumo wa BMD (shahada ya kwanza, uzamili na uzamivu) mwanzoni mwa miaka ya 2010, shahada ya kwanza ni ya miaka 3 na krediti 180, sawa na ile iliyoenea Ulaya baada ya Azimio la Bologna la 1999. Kizito ni alama. Vyuo vya Ujerumani hugeuza alama za kigeni kwa hesabu inayojulikana kama fomula ya Bavaria: alama aliyopata mwanafunzi hutolewa kutoka alama ya juu kabisa, jibu hugawanywa kwa tofauti kati ya alama ya juu na ile ya kufaulu, kisha huzidishwa kwa 3 na kuongezwa 1. Mwenye wastani wa 14 kati ya 20, pale ambapo kufaulu ni 10, anapata 2.8. Ujerumani 1 ndiyo alama bora na 4 ndiyo ya kuponea, kwa hiyo 2.8 ni ya mtu wa katikati. Mwanafunzi huyo huenda alikuwa wa tatu katika darasa lililojaa ukumbi. Fomula haijui hilo. Imejengwa kana kwamba 20 ni alama ambayo watu huipata.

Dawa ipo, ingawa haitibu kila mahali. Pale ambapo faili husomwa na kamati, kama ilivyo kwa shule nyingi za Ufaransa, hati ya chuo inayoonyesha nafasi ya mwanafunzi darasani huwa na uzito zaidi kuliko wastani wenyewe. Iombwe mapema, yenye muhuri na sahihi, iambatanishwe na nakala za alama za kila mwaka. Pale ambapo alama huingizwa katika hesabu moja kwa moja, njia iliyobaki ni mtihani wa kimataifa kama GMAT. GMAT ya sasa, iliyoanza mwishoni mwa 2023, huchukua saa 2 na dakika 15, ina sehemu tatu, na matokeo yake ni kati ya 205 na 805. Kwa mtu aliyesoma kwa Kifaransa maisha yake yote, TAGE MAGE, mtihani wa Kifaransa wenye maswali 90 na alama 600, hukubaliwa na baadhi ya shule za Ufaransa mahali pa GMAT. Waombaji wa Bujumbura huusahau mno, wakati unawaondolea mzigo wa lugha.

GMAT inaweza kufanywa nyumbani, lakini masharti ni makali: mtahiniwa awe peke yake chumbani, meza iwe tupu, kamera na intaneti zisikatike hadi mwisho. Kwa mji ambao umeme hukatika bila taarifa, kituo rasmi cha mtihani, hata kikiwa nchi jirani, mara nyingi ndicho salama zaidi.

Barua ya mapendekezo ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Desturi ni kumfuata mhadhiri mwenye cheo kikubwa, ambaye alifundisha mamia na hamkumbuki mwombaji kwa sura. Anaandika kwamba kijana huyu ana bidii, nidhamu na heshima. Barua hiyo ingeweza kuwa ya yeyote. Msaidizi aliyesimamia tasnifu, hata akiwa na cheo kidogo, anaweza kueleza kwamba mwombaji aligundua hesabu za ushirika fulani hazilingani na stakabadhi zake, akarudi shambani kuuliza. Kuna jambo dogo pia: shule hutuma kiungo kwa barua pepe ya mpendekezaji, na anwani isiyo ya chuo huzua maswali. Kama mhadhiri hana anwani ya chuo, shule iarifiwe kabla, na barua iwe na nembo na muhuri wa kitivo.

Katika wasifu, wengi huficha kilicho bora. Mwanafunzi aliyefanya mafunzo ya wiki chache benki huyaandika kwa herufi kubwa, na kuacha kabisa kwamba kwa miaka miwili alikuwa akitunza daftari la mama yake mdogo anayeuza ndagala. Samaki hao huvuliwa Ziwa Tanganyika usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali mavuno hushuka. Aliyetunza daftari hilo anajua kupanga mtaji wa kuvuka siku hizo, kiasi gani cha kukausha na kuweka, na mteja yupi apewe mkopo. Hiyo ni menejimenti ya fedha na ya bidhaa, ili mradi iandikwe kwa tarakimu: magunia mangapi kwa mwezi, faranga ngapi zilizungushwa, nini kilibadilika baada ya daftari kuanzishwa. Uongozi wa kikundi cha upatu nao uandikwe hivyo hivyo.

Barua ya nia hujengwa juu ya habari hizo. Kusifu sifa za chuo hakusaidii, chuo kinazijua. Kinachotakiwa ni uhusiano kati ya kazi iliyofanyika, kozi mahususi, na kazi inayokusudiwa.

Tarehe zipangwe kuanzia kwenye ufadhili kurudi nyuma. Ufadhili wa Eiffel wa Ufaransa hauombwi na mwanafunzi. Shule ndiyo humpendekeza, na kwa uzamili kuna ukomo wa umri wa miaka 25. Erasmus Mundus, ufadhili wa Umoja wa Ulaya ulioanza 2004, huombwa kupitia programu yenyewe, na nyingi hufunga milango kati ya Desemba na Februari. Anayeelekea Ufaransa hupitia pia utaratibu wa Études en France wa wakala wa Ufaransa, Campus France, unaohusu wakazi wa Burundi. Ada za maombi hulipwa kwa euro kwa kadi ya kimataifa, na kuipata kadi hiyo Bujumbura huweza kuchukua muda mrefu kuliko kuandika barua.