Punda Anayechechemea Asirudishwe Kazini: Ufahamu Ugonjwa wa Ndani ya Kwato

Katika mikoa ya Arusha, Manyara, Singida na Dodoma, punda huchota maji, huvuta mikokoteni na husafirisha mazao ya kaya nyingi. Anapoanza kuchechemea, baadhi ya wamiliki humpumzisha siku moja kisha humrejesha kazini. Hata hivyo, hali hiyo inaweza kuwa dalili ya laminaitisi, yaani kuvimba kwa tishu za ndani ya kwato. Ugonjwa huu huwapata punda na farasi, na kuchelewa kuutibu kunaweza kumfanya mnyama kuwa kilema wa kudumu.

Ndani ya kila ukwato kuna mfupa ulioshikamanishwa na ukuta wa ukwato kwa mamia ya mikunjo myembamba ya tishu. Mikunjo hiyo husaidia kubeba uzito wa mnyama. Inapovimba hulegea, ilhali kano iliyoshikamana na mfupa kwa nyuma huendelea kuuvuta. Hapo mfupa hugeuka, ncha yake ikaelekea chini na kukandamiza wayo wa ukwato. Katika hali mbaya, ncha hiyo huutoboa wayo.

Chanzo kimojawapo ni kula nafaka nyingi kwa mara moja, kama vile mnyama anapovamia ghala la mahindi. Vyanzo vingine ni unene uliokithiri, kondo la nyuma kubaki tumboni baada ya kuzaa, na jeraha linalomlazimu mnyama kuegemea mguu mmoja kwa muda mrefu.

Mgonjwa hukataa kutembea, hurudisha uzito wake nyuma au hulala muda mrefu. Kwato huwa za moto na mapigo ya damu juu yake huwa na nguvu. Punda huficha maumivu kuliko farasi, hivyo dalili ndogo zisipuuzwe.

Mmiliki anapaswa kusitisha kazi mara moja, kuondoa nafaka, kumweka mnyama juu ya mchanga laini au matandiko mazito, na kumwita daktari wa mifugo. Mnyama asilazimishwe kutembea. Katika siku mbili au tatu za mwanzo, kuzipoza kwato kwa maji yenye barafu husaidia. Punda asinyimwe chakula kabisa, kwa kuwa mafuta ya mwili yanaweza kufurika katika damu na kumuua. Apewe nyasi kavu au mabua.

Daktari humpa dawa za kupunguza maumivu na uvimbe, na panapowezekana hupiga picha ya eksirei ili kupima kiasi ambacho mfupa umegeuka. Kisha kwato hupunguzwa kwa tupa hatua kwa hatua ili kuurejesha uwiano wa ukwato na mfupa. Kwa kuwa ukuta wa ukwato huchukua takriban miezi 9 hadi 12 kuota upya, matibabu yanahitaji subira.

Kinga ni nafuu kuliko tiba: kwato zisafishwe kila siku na kupunguzwa na mtaalamu kila baada ya wiki 6 hadi 10, na nafaka zifungiwe mahali salama. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inalenga kuwalinda wanyama dhidi ya mateso yasiyo ya lazima, na kumfanyisha kazi punda mwenye maumivu ni mateso ya aina hiyo. Wafugaji wanaoona dalili hizi wawasiliane na ofisa mifugo wa kata au kijiji chao bila kuchelewa.