Nyonga Iliyosagika: Matundu Madogo Yanamfaa Nani?

Mkulima wa korosho wa Newala au Masasi akiambiwa nyonga imesagika, huuliza kama anaweza kufanyiwa upasuaji wa matundu madogo, akaepuka kovu refu na kitanda cha wodini. Jibu linategemea gegedu lililobaki.

Gegedu ni tabaka laini linalozuia kichwa cha mfupa wa paja kisisuguane na kikombe chake. Kupitia matundu mawili au matatu, daktari huingiza kamera nyembamba na vifaa, akashona ukingo wa kikombe uliochanika, akachonga mfupa unaogonga au akatoa vipande vilivyokatika. Gegedu lililokwisha kulika halirudishwi kwa njia hiyo.

Ndiyo maana eksirei hutangulia. Nafasi kati ya kichwa na kikombe huonekana kama mstari mweusi. Ikiwa chini ya milimita 2, tafiti zinaonyesha wengi hawapati nafuu ya kudumu kwa matundu madogo, na huishia kuwekewa nyonga bandia.

Anayefaidika zaidi ni kijana anayeumwa kinenani akikunja mguu, ilhali gegedu lake bado zima. Mzee anayeumwa usiku, asiyeweza kuchuchumaa wala kuzungusha paja kwa ndani, njia yake ni nyingine: mazoezi ya kuimarisha misuli, kupunguza uzito uliozidi, na fimbo mkono wa upande usiouma. Dawa ya maumivu ya diklofenaki ya dukani isiwe chakula cha kila siku. Huumiza tumbo na figo. Haya yakishindikana, nyonga bandia ndiyo tiba yenye matokeo mazuri, tangu John Charnley wa Uingereza alipoiboresha miaka ya 1960. Atakayewekewa aandae mapema kiti cha choo na kigoda kirefu, kwani kuchuchumaa sana kunaweza kuitegua.

Kijana mwenye siko seli akiumwa nyonga asingoje. Kichwa cha mfupa wake huenda kinakufa kwa kukosa damu, na kuwahi ndiko kunakompa nafasi ya kukiokoa.

Anzia hospitali ya Mkomaindo, Ndanda au Newala. Ukipewa rufaa ya kwenda Mtwara au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, nenda na picha zako. Kabla pesa ya korosho haijatoka mfukoni, muulize bingwa: gegedu limebaki kiasi gani, utarekebisha nini hasa, na nisipopasuliwa itakuwaje? Asipokujibu ukaelewa, usitie saini. Tafuta maoni ya bingwa mwingine.