Jembe na Tanuri: Filamu Zinazoingia Nyuma ya Jukwaa

Malungu, yaani matanuri marefu ya udongo ambamo Wafipa waliyeyusha chuma, bado yanaonekana katika baadhi ya maeneo ya nyanda za juu za Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, mengine yakiwa na kimo cha mita 3 hivi. Ilungu lilijivutia hewa lenyewe kupitia mirija iliyozunguka kitako chake, na chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, ambalo ndilo lililohitaji mivukuto. Lakini jembe lenyewe, lilipomfikia mkulima, halikumsimulia lolote kuhusu kazi hiyo. Wimbo unaosikika redioni ni jembe la namna hiyo, na filamu ya makala ya nyuma ya pazia, yaani filamu inayofuatilia maisha na kazi halisi za wanamuziki badala ya hadithi ya kutungwa, hujaribu kulionyesha tanuri moto ungali unawaka.

Filamu za aina hii ziliwezekana baada ya vifaa kubadilika. Kuanzia mwaka 1960 hivi zilipatikana kamera za begani zilizokwenda sambamba na kinasa sauti cha kubebeka, na mtengenezaji filamu D. A. Pennebaker akazitumia kumfuata mwimbaji Bob Dylan katika ziara yake ya Uingereza ya mwaka 1965. Njia hiyo ilikuja kufika hata kwa bendi za pop punk, muziki unaounganisha magitaa ya kasi ya panki na viitikio vinavyokaririka upesi: John Roecker aliwapiga picha Green Day wakiiandaa albamu ya American Idiot, iliyotoka mwaka 2004, ingawa filamu yake haikutolewa kwa umma hadi mwaka 2015.

Kwa Tanzania, haja ya filamu hizi ni kubwa zaidi, kwa sababu muziki wa dansi ulihifadhiwa hasa kwa masikio. Bendi ziliingia studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, zikapiga, sauti ikabaki kwenye utepe wa sumaku. Vidole vya mpiga gitaa la solo, ishara ya macho iliyomwambia mpiga ngoma kwamba wimbo unaingia kwenye chemko, yaani sehemu yake ya kasi ya kuchezwa, na mabishano ya mazoezini, vyote vilibaki nje ya utepe. Ndiyo maana filamu ya Wahenga ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Amil Shivji na Rebecca Corey, ina thamani ya pekee: inamfuata John Kitime, mwanamuziki aliyewahi kuwa na Tancut Almasi Orchestra, katika juhudi za kuuhuisha muziki wa zilipendwa pamoja na wakongwe wenzake, watu ambao ujuzi wao umo mikononi mwao kuliko katika maandishi yoyote.

Andy Jones naye alitoa filamu yake ya kwanza kuhusu Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, mwaka 2006, na nyingine mwaka 2015, baada ya bibi huyo kufariki tarehe 17 Aprili 2013. Mwanya huo wa miaka unafundisha jambo muhimu, kwamba uaminifu wa filamu hutegemea sana muda ambao mpiga picha yuko tayari kukaa na watu wake, hadi kamera iache kuwa mgeni.

Hata hivyo, picha ghafi bado si filamu. Mhariri huweza kuuonyesha mkono uliopigwa picha Jumatatu juu ya sauti iliyorekodiwa Ijumaa, na mtazamaji asitambue. Ufundi huo ni halali pale unapoeleza kazi, lakini hugeuka udanganyifu pale unapozua ugomvi ambao haukuwapo.

Kwaya ya kijiji cha Ilemba, chini ya nyanda zilezile za Ufipa, bondeni mwa Ziwa Rukwa, ingestahili kupigwa picha kwa uangalifu uleule, hata kwa simu ya mkononi. Kamera ingepaswa kuwashwa kabla ya wimbo, wakati mwalimu anapompa kila mwimbaji noti yake ya kuanzia, sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na besi, kisha iendelee bila kuzimwa pale sauti ya pili inapopotea katika mstari wa tatu, mwalimu anapogonga meza, na mstari huo unapoanzwa upya mara nne hadi ukae.