Fomu ya Kituoni Ina Nguvu Gani? (Sehemu ya Pili)

Nianze na BVR, mfumo wa kuandikisha wapiga kura kwa alama za vidole, maana wiki iliyopita niliiacha njiani. Hapa Haydom, kama ilivyo Dongobesh na Katesh, bado wapo wanaoamini kwamba ile mashine iliyowapiga picha na kuchukua alama za vidole mwaka 2015 ndiyo iliyochakachua kura. Haina uwezo huo. BVR iliandikisha watu na kutoa kadi. Kazi yake iliishia kwenye daftari. Kura yetu Watanzania ni karatasi, inatiwa alama kwa kalamu na kutumbukizwa sandukuni.

Twende kituoni, tuseme ni darasa la shule ya msingi. Saa 10 jioni upigaji kura unafungwa, lakiri zinakatwa, karatasi zinamwagwa mezani. Zinainuliwa moja moja, jina linasomwa kwa sauti, na mawakala wa vyama wanachora vijiti kwenye madaftari yao. Kisha msimamizi anajaza fomu: 21A ya urais, 21B ya ubunge, 21C ya udiwani. Mawakala wanasaini na kupewa nakala; nyingine inabandikwa kituoni. Kuiba mbele ya mawakala walio macho si kazi rahisi. (Wakala aliyezuiwa mlangoni ni habari nyingine, na mwaka 2020 wapinzani walilalamikia hilo sehemu nyingi.)

Shaka huanza namba zikishaondoka pale darasani.

Kongo ni shahidi. Desemba 30, 2018, mpiga kura aligusa picha ya mgombea kwenye mashine za Miru Systems ya Korea Kusini, mashine ikachapa karatasi, akaitia sandukuni. Wapinzani walikuwa wamekwisha kuziita mashine za wizi. Lakini ugomvi mkubwa ulizuka kwingine: Kanisa Katoliki lilikuwa na waangalizi wapatao 40,000, na maaskofu wakasema matokeo yaliyotangazwa hayalingani na takwimu zao. Tume haikutoa matokeo ya kituo kwa kituo. Karatasi zilikuwepo, ila raia hakuwa na cha kulinganisha nacho.

Kenya ilijifunza kwa gharama. Septemba Mosi 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais. Miongoni mwa sababu, mshindi alitangazwa kabla fomu 34A, yaani za matokeo ya kituoni, hazijapatikana zote, na tume haikufungua seva zake kama ilivyoamriwa. Mwaka 2022 tume iliweka picha za fomu hizo mtandaoni, vituo zaidi ya 46,000, na yeyote mwenye simu na subira aliweza kujumlisha mwenyewe. Je, watu waliacha kugombana? Hata kidogo. Makamishna 4 kati ya 7 walimkana mwenyekiti wao hadharani. Lakini aliyedai fomu zimebadilishwa ilibidi aonyeshe ni ipi. Mahakama ililinganisha fomu za mtandaoni na zile halisi, ikaona hakuna tofauti ya maana, ikathibitisha ushindi wa William Ruto wa asilimia 50.49. Kwangu mimi hapo ndipo palipo faida: malalamiko yalipata mahali pa kupimwa.

Kwetu, Oktoba 29, 2025, siku ya kura, intaneti ilizimwa nchi nzima na kubaki hivyo kwa siku kadhaa, huku machafuko yakiendelea. Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa asilimia 97.66. Aliyepiga picha ya fomu iliyobandikwa kituoni kwake hakuwa na njia rahisi ya kumtumia mwenzake wa Babati, achilia mbali Dar es Salaam.

Hata angeipata njia, ingemfikisha wapi? Mpiga kura wa Mbulu Vijijini akiitilia shaka 21B anaweza kwenda Mahakama Kuu kupinga ubunge. Mwenye 21A hana pa kwenda: Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa rais aliyekwisha kutangazwa na Tume. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua Julai 15, 2020, katika shauri la Jebra Kambole, kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Tumepiga kura za urais mara mbili tangu hapo, na ibara iko vilevile.