Risasi Rahisi kwa Uwanja wa Shabaha

Askari asiyefyatua risasi mara kwa mara huisahau bunduki yake, hata awe na miaka mingi ya utumishi. Lakini risasi ni fedha, na kila mkuu wa kikosi hutafuta risasi rahisi ya mazoezi. Je, urahisi huo hupatikana kwa kupoteza nini?

Risasi ndogo ya milimita 5.6, itumikayo katika mashindano ya Olimpiki ya mita 50, ni ya bei nafuu mno. Aina moja huenda kama mita 325 kwa sekunde. Nyingine, iliyotiwa nguvu zaidi, hufikia 380. Hapa Kigali, joto likiwa digrii 20, sauti huenda mita 343 kwa sekunde. Basi hiyo ya pili hutoka mtutuni ikiitangulia sauti, ikapasua hewa kwa kishindo, kisha kabla ya mita 100 huwa imepungua mwendo na kuachwa nyuma na sauti. Katika mpito huo huyumbishwa, na matundu ya shabaha hutawanyika. Wauzaji husifu kasi. Walengaji mahiri huchagua ile ya polepole.

Risasi ya Kalashnikov ya 7.62 kwa 39 ni habari nyingine. Hutoka kwa mita 715 hivi kwa sekunde, na katika mita 300 bado huitangulia sauti. Tena mji wetu uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake nyepesi haiizuii risasi kama ile ya Mombasa, hata bunduki iliyorekebishwa pwani huweza kupiga juu kidogo hapa katika masafa marefu.

Urahisi wa risasi hii hutokana zaidi na ganda la chuma badala ya shaba, wala hilo si kasoro. Wa kuangaliwa ni mzigo wa zamani, ambao fataki zake huenda zikaacha chumvi mtutuni. Chumvi hiyo huvuta unyevu na kuleta kutu. Mafuta peke yake hayaiondoi, yatangulie maji.

Lakini kupita bei na kasi, itazamwe namba ya fungu iliyopigwa juu ya sanduku. Mafungu yakichanganywa, mwendo wa risasi hutofautiana, na kuruta husahihisha kosa lisilo lake. Mkufunzi na afyatue risasi 5 za kila fungu kwa mita 100, bunduki ikiegemezwa juu ya mfuko wa mchanga, kisha apime mtawanyiko kwa rula kabla ya kuwagawia askari.